Kivuli Kilichotangulia Mti

Baba alikuja kukaa kwetu baada ya mama kufariki. Alikuwa polisi mstaafu, mtu wa kaskazini aliyezeekea katika kambi za serikali, na kwake nyumba ilikuwa mahali pa kulala na kuwekea viatu tu. Mchana alitaka kiti, redio yake ndogo na upepo. Nyumba yetu ya Kisugu, hapa Kampala, ilikuwa na nafasi ya kumtosha, lakini nyuma yake palikuwa na uwanja mtupu wa udongo mwekundu, ulioteremka kidogo hadi kwenye ukuta wa jirani, na jua liliupiga tangu asubuhi mpaka jioni bila kitu cha kulizuia.

Mume wangu ana karakana ya vyuma Katwe, anatengeneza mageti na madirisha. Wiki ile ile Baba alipofika, alijitolea kumjengea kibanda cha mabati. Baba alimshukuru kwa adabu zote ambazo mkwe humpa mkwe, akanisubiri nibaki peke yangu.

"Mabati inapika mtu," aliniambia. "Mimi nimelala chini ya mabati maisha yote. Mwambie apande mti."

Hicho ndicho Kiswahili cha Baba, cha kambini, na ndicho nilicholelewa nacho. Yeye ni Mwacholi, mama alikuwa Mnubi. Yeye alikwenda misa, mama aliswali. Na hakuna kati yao aliyeijua vizuri lugha ya mwenzake. Kiswahili kilikuwa uwanja wa katikati.

Basi tukaanza kutafuta mti, na kumbe kuchagua mti ni kazi. Mimi nilitaka ovakado, mume wangu akasema maovakado yatatoboa paa la jikoni na watoto wa mtaa watatupa mawe kutwa nzima. Yeye alipenda mzambarau, ambao hapa tunauita jambula, nami nikamuuliza nani atafua nguo zenye madoa ya zambarau. Mfenesi Baba aliukataa kwa sababu ya nzi. Musizi hukua upesi na kivuli chake ni kizuri, lakini tawi lake huvunjika ghafla bila hata upepo, na Baba aliwahi kuona mtu akiuawa nalo. Tukabaki kila jioni tukibishana mezani, huku kiangazi kikizidi, na uwanja ukipasuka nyufa za kuingia kidole.

Wakati huo wote Baba alikuwa akikaa nje. Hilo sikulijua mwanzoni. Mimi hushona sare za shule katika chumba kidogo kando ya barabara ya kwenda Kabalagala, na kwa kawaida narudi jioni. Siku moja umeme ulikatika nikarudi mchana. Nilipofungua mlango wa nyuma nilimwona Baba amekaa katikati ya uwanja, juani kabisa, kichwa wazi, amelala usingizi na redio mapajani. Kuku wangu walikuwa wamelala wakimzunguka.

Nilikimbia nikidhani ameshazimia. Nilimshika kipara ili nimwamshe. Kilikuwa baridi kama mtungi wa maji.

Alifungua macho taratibu, akaniuliza mbona nimerudi mapema. Nikamwambia, Baba, unakaaje kwenye jua namna hii, unataka kufa? Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyeuliza jambo lililo wazi.

"Hapa iko kivuli," alisema.

"Baba, hapa hakuna mti."

"Mti hakuna. Kivuli iko."

Nilianza kulia kimoyomoyo, kwa sababu nilifikiri akili yake ndiyo hiyo inaondoka, na mama hayupo wa kusaidiana naye. Kisha nikawatazama kuku. Walikuwa wamelegeza mbawa na kufumba macho nusu, kama kuku wafanyavyo chini ya mti mkubwa saa za joto. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akitweta. Na walikuwa wamejipanga ndani ya umbo, si duara kamili, umbo lenye mabonde na ncha pembeni, kama kivuli cha mti wenye matawi yasiyolingana. Nje ya umbo lile hakukuwa na kuku hata mmoja.

Nikagundua kwamba hata mimi, niliyekuwa nimesimama kando ya kiti, sikuhisi joto. Jua nililiona. Lilikuwa juu ya mikono yangu, juu ya shati jeupe la Baba, liking'aa mpaka linaumiza macho. Lakini ngozini halikuwepo. Kulikuwa na harufu ya majani mabichi yaliyonyeshewa, katika mwezi ambao hatukuwa tumeona tone la mvua. Kelele za bodaboda za barabara ya juu zilikuja kwa mbali, kama mtu amefunga dirisha. Kitu chepesi kiliniangukia begani. Nikapangusa. Hapakuwa na kitu.

Nilirudi nyuma hatua chache na jua likanipiga usoni kama mvuke wa sufuria.

Sikumwambia mume wangu siku ile. Nilikaa nikitazama, siku kadhaa, nikitoa visingizio vya kurudi nyumbani mchana. Kivuli kilitembea. Asubuhi kilikuwa kimelala upande wa nyumba yetu, adhuhuri kikajikusanya katikati, alasiri kikajinyoosha kuelekea ukuta wa jirani, kama kivuli chochote. Kuku walihama kwanza. Baba aliwafuata na kiti chake, bila haraka, kama mtu anayefuata ratiba. Ndipo nilipoelewa pia kwa nini nguo nilizoanika mwisho wa kamba, upande ule, zilikuwa hazikauki, na kwa nini shuka za pale zilinuka kuvu hata nikizifua upya. Nilikuwa nikilaumu sabuni.

Mume wangu nilimwambia hatimaye kwa sababu niliogopa kuwa peke yangu na jambo lile. Hakucheka. Ni mtu wa chuma, huamini kile anachoweza kupima kwa mkono. Jumapili mchana alichukua vipande viwili vya bamba, kimoja akakiweka karibu na mlango wa jiko, kingine akakiweka kati ya kuku. Tukala. Tulipotoka, cha mlangoni hakishikiki. Cha kati ya kuku alikiinua, akakigeuza, akakiweka shavuni. Alisimama hivyo kwa muda, kile kipande shavuni, macho yake yakipanda polepole angani juu yetu, pale ambapo tawi lingekuwa.

"Kama kuna kivuli," alisema, "basi kiwe na mti wake."

Ndivyo tulivyoacha kubishana. Kesho yake alirudi na mche wa mti ambao watu wa Kampala wanauita mwavuli, kwa sababu matawi yake hujipanga tabaka juu ya tabaka. Aliununua kwa mama mmoja anayepanga miche kando ya barabara ya Ggaba katika mifuko myeusi. Akauchimbia katikati kabisa ya mahali pale, na mvua za kwanza zikaupokea. Nadhani kila mmoja wetu alitaka jambo lile lile: siku moja mgeni aingie uwanjani, ahisi ubaridi, ainue kichwa aone majani, asiulize kitu.

Baba peke yake hakufurahi. Alisema mahali pale tayari pana mwenyewe. Tulimwacha aseme.

Mti ule ulikua, lakini ulikua vibaya. Ulirefuka haraka, mwembamba kama fimbo, majani machache, rangi yake imefifia. Tabaka za matawi hazikujipanga. Kisha ukaanza kulala upande, wote mzima, ukielekea nyumba, kama mtu anayejaribu kuchungulia nje ya umati. Mume wangu aliufunga kwenye nondo ukanyooka, na ncha yake ikapinda tena juu ya fundo. Tuliweka mbolea. Haukuwa na mdudu wala ugonjwa.

Nilipita kwa yule mama wa miche nikamwonyesha picha kwenye simu. Picha ilikuwa ya karibu, mti wenyewe tu na udongo. Aliitazama, akasema mche wangu hauumwi.

"Unatafuta jua, nyabo," alisema, akiniita mama kwa heshima ya Kiganda. "Umeupanda chini ya mti mwingine. Uhamishe."

Nilimshukuru nikaondoka. Sikupitia nyumbani.

Jirani yetu wa ng'ambo ya ukuta ni mama mtu mzima tunayemwita Hajati. Mababu zake walikuja na biashara kutoka pwani, baba yake alifundisha madrasa, na yeye ana duka la vitambaa ambako nanunua nyuzi. Amekaa Kisugu tangu nyumba zikiwa za kuhesabika. Siku ile sikununua kitu. Nilimuuliza moja kwa moja kama nyuma ya nyumba yetu kuliwahi kuwa na mti.

Alikunja kitambaa alichokuwa nacho, akakikunjua, akakikunja tena.

Alinieleza kwamba ulikuwepo, mkubwa, ukifunika uwanja wote na kipande cha uwanja wake. Mwenye nyumba wa kabla yetu alikuwa mfanyabiashara, na mke wake, mwanamke mpole kutoka magharibi, aliugua ugonjwa wa huzuni. Alipoteza mimba, kisha akapoteza nyingine, na baada ya hapo akawa hasemi na watu. Alitandika mkeka chini ya mti asubuhi, akahama nao kivuli kilivyohama, akaingia ndani jioni. Mumewe alimvumilia kwa muda. Kisha akasema mti huo ndio unaomla mkewe, akaita watu wa msumeno wa mashine. Waliukata siku nzima, wakang'oa kisiki, wakachimbua mpaka mizizi. Yule mwanamke alisimama mlangoni akiwatazama bila kusema neno.

"Kesho yake nikamwona na mkeka wake," Hajati alisema. "Amekaa pale pale, juani. Na alipohama, akahama kama zamani. Nikamwita ukutani, nikamwambia, mwanangu, utapata homa, ingia ndani. Akaniambia, Hajati, mbona mimi niko kivulini?"

Mumewe alishindwa. Akamrudisha kwa ndugu zake, nyumba akaiuza, nasi ndio tulioinunua. Nilimuuliza Hajati kwa nini hakutuambia. Alijibu kwamba tulikuwa wageni, na alidhani jambo lile lilikuwa kichwani mwa yule mwanamke, limeondoka naye.

Nilimuuliza ulikuwa mti gani. Alisema mkuyu. Fundi wa baiskeli aliye mbele ya duka, aliyekuwa akitusikiliza, akasema hapana, ulikuwa mvule, yeye aliuona. Wakaanza kubishana nami nikaondoka.

Jioni ile niliwasimulia Baba na mume wangu pamoja. Mume wangu akaenda nje kabla giza halijaingia, akauchimbua ule mwavuli mwembamba na kuuhamishia kando ya jiko, penye jua. Baba alibaki ameinamisha kichwa.

"Basi mimi nimekaa kwa kiti ya mtu," alisema.

Nilidhani sasa ataacha. Badala yake, asubuhi iliyofuata aliniomba mkeka wa mama, ule aliokuwa akiswalia alasiri wakati miguu ilipokuwa bado inamruhusu. Alisogeza kiti chake pembeni mwa kivuli, akatandika mkeka katikati, na hakukaa juu yake hata mara moja. Kuku pia walianza kuuzunguka mkeka, hawaupandi. Kabla ya kukaa, Baba alisalimia kwa Luganda, kwa sauti ya chini, "Wasuze otya, nyabo," yaani umeamkaje, mama, kama mtu anayeingia chumba cha kusubiria akamkuta mwenzake. Kisha akawasha redio, kidogo tu.

Tukaishi hivyo. Ni ajabu mtu anavyozoea. Niliacha kuanika nguo upande ule. Wageni tuliwakaribisha sebuleni. Mwavuli wetu kando ya jiko ulinyooka na kuanza kutoa matawi yake ya tabaka. Mimi sikwenda tena kusimama mahali pale, ila mara nyingine nikiwa jikoni nilisikia majani, mengi, yakitikisika pamoja, na nikitazama dirishani naona Baba, mkeka, kuku, na mbingu tupu juu yao.

Mwaka uliofuata, katika kiangazi, gari lilisimama mbele ya geti alasiri. Walishuka wanawake wawili. Mmoja alijitambulisha kuwa dada wa mwenzake, akasema kwa Luganda, kwa aibu kidogo, kwamba ndugu yake aliwahi kuishi hapa na ameomba kuona uwanja wa nyuma mara moja tu, kama haitakuwa usumbufu. Ndugu mwenyewe alikuwa nyuma yake, mwanamke mrefu mwenye gomesi ya kijani iliyopigwa pasi vizuri. Nilipompa mkono, mkono wake ulikuwa baridi.

Sikumwonyesha njia. Alipita sebuleni, akapita jikoni, akatoka mlango wa nyuma. Saa zile kivuli kilikuwa kimeshavuka katikati na kulala karibu na ukuta, na uwanja wote ulikuwa mweupe kwa jua, hakuna alama ya kitu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mkeka. Alivua viatu pembeni yake. Hapo alimwona Baba, ambaye alikuwa amesimama na kuvua kofia aliyokuwa ameanza kuivaa kwa ubaridi wa pale.

Walisalimiana kirefu, kama Luganda inavyotaka. Baba anaijua ya kutosha, aliitumia kazini miaka mingi. Alimkaribisha akae, akamwambia mkeka huu ni wake. Mwanamke alikaa, akakunja miguu upande mmoja, akafumba macho. Dada yake alisimama nami mlangoni, anatokwa jasho, akiniomba msamaha kwa kunong'ona. Alisema ndugu yake amepona, anafanya kazi sasa, analea watoto wa dada zake, lakini hulalamika kuchoka, uchovu ambao madaktari hawauoni. Alisema mara nyingi mikono yake humwuma juu, mabegani, kama aliyebeba mzigo.

Walikaa muda mrefu. Kuku waliposogea, Baba aliinuka akashika ncha moja ya mkeka na yule mwanamke akashika nyingine, wakahama pamoja. Hawakuzungumza sana. Nilikaribia na chai, ndipo nikasikia Baba akimuuliza ulikuwa mti gani, kwa maana watu wanabishana.

"Sikuwahi kuujua jina, ssebo," alisema. "Niliukuta."

Alikunywa chai yake yote. Alimwangalia Baba, akaangalia mwavuli wetu mdogo kando ya jiko, kisha mikono yake mwenyewe.

"Nilifikiri nikiuacha utaanguka juu ya mtu," alisema. "Ndiyo maana nimekuja. Kila siku huwa naushika, hata nikiwa mbali. Nimechoka kuushika."

Baba alizima redio. Nilimfahamu, alikuwa akipima. Chini ya mti ule alikuwa amepata mahali, baada ya mama, na alijua anaombwa nini.

"Weka chini, nyabo," alisema. "Sisi tutahama."

Aliita kuku kwa ulimi, kama anavyowaita jioni, akabeba kiti chake mpaka mlangoni. Mimi nilikunja mkeka. Yule mwanamke alibaki peke yake katikati ya uwanja, amesimama, mikono chini. Alishusha pumzi ndefu. Sikuona kitu, na sitaki kusema niliona. Lakini nilihisi upepo mkubwa ukitoka pale kuelekea ukutani, vumbi likanyanyuka kwa mstari mrefu kuvuka uwanja mzima, na Hajati upande wa pili akaita kuuliza kumeanguka nini. Kamba ya nguo ilikuwa imekatika.

Alirudi mlangoni akipepesa macho. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka kwenye paji la uso, akaligusa kwa vidole, akalitazama. Alinishika mikono kunishukuru na mikono yake ilikuwa na joto kama ya mtu yeyote. Wakaondoka kabla ya foleni ya jioni.

Kesho yake Baba alitoka na kiti kwa mazoea, akakaa, akainuka. Kuku walikuwa chini ya tangi la maji, wamebanana, midomo wazi. Msimu ule wote alikaa ndani, karibu na mlango wa nyuma, na nikaona anazeeka haraka kuliko nilivyotaka kukubali. Aliongea peke yake na marehemu mama zaidi ya zamani, kwa Kinubi, lugha ambayo sikujua kama anaijua kiasi hicho.

Mume wangu alitaka kumjengea kile kibanda cha mabati. Safari hii Baba alikubali, lakini akaweka sharti kwamba kiwe kidogo, na kibomolewe mwavuli ukishafika urefu wa dirisha. Sasa umefika, na kibanda tumekibomoa. Kivuli chake kinamfika Baba magotini. Anakaa pale na kofia, miguu ndani, kichwa nje, na kila baada ya muda ananyoosha mkono anagusa shina lake, kama mtu anayehakikisha kwamba mlango umefungwa. Nikimuuliza kama jua halimuumizi, anasema linamuumiza, na kwamba ni vizuri.